Ramani Niliyoikalia

Walipokuja mara ya kwanza walisema hawakuja kutufundisha, wamekuja tufundishane. Hapo hapo nikajua kuna jambo. Mtu anayekuja kukufundisha unamwelewa: atasema, utaitikia, atakunywa dafu, atarudi kwenye boti yake. Lakini mtu mwenye viatu vizuri, aliyesoma mpaka madarasa yakamwishia, akikwambia anataka kujifunza kutoka kwako, huyo unamtazama mara mbili.

Tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya madrasa, sie wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye mabenchi. Kijiji chetu kiko huku ndani ya delta, ukitoka Salale unaingia mito na kutoka mito, mikoko kushoto na kulia, mgeni anaweza kudhani hakuna binadamu mpaka asikie jogoo. Aliyezungumza alikuwa mwanamke wa makamo, mwalimu wa chuo kikuu, amejitanda vizuri. Tukamwita Mama wa Chuo, na mpaka leo ndivyo tunavyomwita.

Alisema tatizo letu ni kubwa kuliko kichwa kimoja. Maji ya chumvi yanapanda mtoni kuliko zamani na mpunga unaungua. Watu wakikosa mpunga huku nje, wanaingia ndani kukata mikoko wapate ardhi mpya. Mikoko ikikatwa, kamba na samaki hawana pa kuzalia.

"Sasa mtu wa mpunga akizungumza peke yake, na mtu wa misitu peke yake, na mtu wa samaki peke yake, hatufiki," akasema. "Tukae wote. Nyie ni watafiti wenzetu. Tutachora ramani pamoja, tutapima maji pamoja, na majibu tutayapata pamoja."

Watu wakapiga makofi. Mie nikamnong'oneza shoga yangu, jirani ambaye tulichezwa ngoma pamoja tukiwa wari: "Umesikia? Pamoja, pamoja. Akishapata digrii yake itakuwa pamoja?"

"Digrii anayo huyo," shoga akanijibu. "Huyo anatafuta kitu kingine."

Asije mtu akasema sie tuna roho mbaya. Zamani kidogo walikuja wengine, nao wazuri tu, wacheshi. Walipima mikoko kwa tepu, wakapaka rangi kwenye miti, wakala wali kwangu na mchuzi wa kaa. Wakauliza nani analima wapi, na sie tukawaambia, tukaona fahari. Baada yao wakaja watu wa viatu vya buti. Waliokuwa wakilima ndani ya mikoko wakaambiwa wabomoe madungu yao, yale mabanda ya juu ya nguzo tunayolala msimu wa kuamia ndege na nguruwe, na mengine hayakubomolewa, yaliwashwa moto. Wa kwanza ndio waliowaita wa pili? Hakuna aliyetuonyesha. Lakini sie tuliona nani alitangulia na nani alifuata, na hao waliofuata walikuwa wanajua majina.

Halafu ikaja ile miaka mibaya ya huku Kibiti, watu wakiuawa na kupotea, ambayo mtu akikuuliza jirani yako anaitwa nani unafunga mlango kwanza. Tangu hapo jina la mtu tunalichunga. Mie majina ninayo yote. Najua kila shamba lilikatwa na nani kwanza, akarithi nani, na mtoto yupi alizaliwa mafuriko yapi. Watu huja kuniuliza kabla hawajagawana mirathi. Humu sitaandika hata moja, langu pia halimo.

Na kuna shamba moja ndilo lililoninyima usingizi. Nililikata mie na marehemu mume wangu, tukiwa bado tunaoneana haya. Liko ndani, kwenye kijito kinachochepuka mtoni na kuingia katikati ya mikoko, pale pale ambapo sheria inasema pasilimwe. Sasa analilima mjukuu wangu wa kike. Mama yake, mwanangu, alishatangulia mbele ya haki, na mume wa huyo mjukuu alikwenda Dar kutafuta maisha, nadhani ameyapata maana hajarudi. Wali wanaokula wanawe, na ninaokula mie, unatoka kule. Nusu tunalima, nusu tumelilaza lipumzike, limejaa majani na vimikoko vidogo vidogo. Ndivyo yalivyo mashamba ya huku. Mgeni akiliona lililolala anaona pori. Sie tunaona shamba la fulani, na tunaliita kwa jina la yule aliyelikata hata awe amezikwa siku nyingi.

Katika wale wageni alikuwemo mwanaume mmoja, mtu mzima na ndevu zake, ndiye aliyeshika kazi ya ramani. Alinipigia magoti kunisalimia, nikashangaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kwenu wapi?"

Akanitajia kwao, bara ndani kabisa. Nikashika kiuno. "Wee! Kumbe mtani! Wazee wako si ndio walikuwa wanashuka pwani na misafara, wakifika wanatuuliza maji ya bahari yanauzwa bei gani?"

"Na nyie mkawauzia, bibi!"

Wanawake wakaanguka kicheko. Shoga yangu akasema, "Huyu kalelewa kwao. Anajua."

Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukutukana msibani ukafuta machozi ukacheka. Anaweza kukishika kitu chako, kofia au kiatu au hata jeneza la mtu wako, na hukipati mpaka umemkomboa. Mie nilifurahi kwa sababu nyingine. Swali la mtani unaweza kulijibu upendavyo, na hakuna atakayesema bibi mwongo.

Ramani tuliianza chini, kwenye uwanja wa nyuma ya madrasa uliofagiwa vizuri. Mito wakaichora kwa kijiti, nyumba zikawa makombe ya chaza, mashamba yakawa punje za mpunga, mikoko ikawa majani mabichi. Kazi yenyewe ilikuwa tamu, siwezi kukataa. Watu waligombana: mto huu unapinda huku, la, unapinda kule, babu yako alikuwa analewa ndiyo maana alikuwa akiuona umepinda. Nikawapa majina ya vijito yaliyokuwa yamekwisha kusahauliwa. Mama wa Chuo ameinama na sie, magoti mavumbini.

Kisha mtani akaweka kijiti chake pale. Pale pale.

"Na huku, bibi? Hiki kijito kinachoingia ndani. Kuna mashamba?"

Nikasikia kuku wanachakura.

"Huko?" nikasema. "Huko ndiko wanakokaa wajomba zako."

"Wajomba zangu wepi?"

"Ngedere. Nenda kawasalimie, watakufurahia. Mmefanana mpaka ndevu."

Kicheko kikapasuka. Yeye naye akacheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo hakuna mtu?"

"Mtu gani atavumilia kukaa na ukoo wako?"

Akaweka majani matupu, punje hata moja hakuweka. Hakuna aliyemsahihisha. Shoga yangu ana shamba lake ng'ambo ya kijito hicho hicho, amelilaza, tunatazamana nalo. Aliyatazama yale majani, akatengeneza kanga yake. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye alikwisha kula wali wa kule si mara moja, akakohoa akauliza soda ziko wapi.

Hata leo sioni kama nilikosea. Mtu akikuuliza mlango wako wa uani unafungwa na nini, humwonyeshi kwa sababu tu amekupigia magoti.

Walipomaliza ramani wakataka watu wa kupima maji. Wakawachukua wanawake wanaojua kusoma, na mjukuu wangu akawa mmoja. Walimpa kijidude kama kalamu nene, unakitumbukiza mtoni, kinaonyesha namba ya chumvi. Maji yakijaa anapima, yakipwa anapima, anatuma kwa simu.

"Wanakulipa nini?" nikamuuliza.

"Vocha tu, bibi."

"Anayekupa vocha anataka umpigie. Na ukimpigia utasema."

"Bibi nawe!"

"Mie nimesema, mke mwenzangu." Ndivyo ninavyomwita, kama bibi yeyote wa huku amwitavyo mjukuu wake wa kike. "Siku watakapokuja na buti wasikukute umeshika kalamu yao."

Lakini kile kijidude kilimwingia. Akawa anazungumza juu ya maji kama mtu azungumzaye juu ya mchumba. Mvua ikinyesha juu huko, mto ukajaa kutoka Ngorongo, baada ya siku kadhaa maji matamu yanatufikia huku chini, na yeye anayaona yakija kwenye namba. Mwaka ule, wakati wa kupandikiza ulipofika, nikamwambia toa miche kitaluni, panda, ndivyo tunavyopanda siku zote mwezi huu. Akakataa. Akasema maji bado makali. Nikanuna. Wenzake wakapanda, akabaki anatumbukiza kalamu yake. Miche ya wenzake ikageuka rangi ya majani ya chai. Yake ilishika. Mpunga niliufurahia, kile kijidude sikukifurahia hata kidogo.

Ndipo akaanza: "Bibi, tuwaambie."

"Tuwaambie nini?"

"Shamba. Namba zangu zote nazipimia kule. Kila siku niko kwenye kijito kile. Unadhani hawajui?"

"Kujua ni kitu kingine na kuandika ni kitu kingine. Wewe unakwenda kule kutega kaa."

"Kaa gani kila siku, bibi?"

"Kaa wengi."

Alininyamazia kwa heshima, si kwa kukubali, nilimwona.

Mwaka uliofuata wakaja kutuletea majibu. Wao wanaita mrejesho. Mie ndio kwanza nilikuwa nimetoka hospitali ya Mchukwi kutazamwa magoti, naambiwa nisipande wala nisishuke, kwetu ambako ngazi ya dungu, ngazi ya gati, kila kitu ni kupanda na kushuka. Nikajikongoja mpaka madrasa. Ukutani wametundika ramani kwenye bango la plastiki, kubwa kama shuka ya kitanda. Ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri. Mito ya buluu, mikoko ya kijani, mashamba ya huku nje rangi ya udongo, na vile vijito vyote nilivyovitaja vimeandikwa. Watu wakawa wanatafuta nyumba zao kwa vidole.

Mie nikatafuta kijito changu. Kando zake zote mbili zilikuwa za njano.

"Njano ni nini?" nikauliza.

Mama wa Chuo akafurahi nimeuliza. Akasema njano ni eneo wazi lisilo na mtumiaji. Picha iliyopigwa kutoka juu inaonyesha mikoko pale ilikwisha kukatwa, na sie wenyewe tulisema hakuna mtu anayelima. Basi ndilo eneo linalofaa zaidi kurudishiwa mikoko. Wafadhili wamekubali. Kijiji kitapanda miche, watu watapata chochote, msitu utarudi na kamba watarudi. Ikishapandwa tu, hairuhusiwi kukatwa tena.

"Uzuri wake," akasema, "hapo hakuna atakayepoteza kitu."

Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa amesimama mlangoni na mwanawe mdogo kiunoni. Nikamtazama shoga yangu, anatazama mkeka. Mwenyekiti anatazama dari. Nikaona kila mmoja anangoja mwenzake, na ngoja ngoja hiyo ingekwisha kwa dua ya kufungia kikao na sahani za pilau, na shamba limekwenda.

Nikainuka. Nikaenda ukutani nikalichomoa bango kwenye misumari yake, upande huu, upande ule, hakuna aliyejua bibi kizee anafanya nini mpaka nimekwisha kulikunja. Nikaliweka mkekani, nikalikalia.

"Bibi! Bibi!" Mwenyekiti akaruka. "Mali ya mradi hiyo!"

"Kaa chini, Mwenyekiti. Haya ni mambo ya watani."

Mmoja wa wale wageni, mgeni kuliko wageni wote, akaja mbio anataka kuvuta pembe. Mtani wangu akamdaka mkono. "Usimguse! Ukimgusa utalipa wewe." Kisha akashika kichwa. "Jamani nimekwisha. Nimekamatwa."

"Hii ni nini?" Mama wa Chuo akauliza.

"Utani, mama. Amekamata kitu changu. Lazima nikikomboe."

"Kwa shilingi ngapi?"

Wanawake wakacheka, mie pia nikacheka, maana yule mama alikuwa ameuliza kwa moyo safi na mkono tayari uko kwenye pochi.

"Sitaki hela," nikasema. "Mtani, fungua masikio yako makubwa. Wale niliokwambia ni wajomba zako, si ngedere. Ni mpunga. Ni mpunga wa watu toka sijaota mvi. Rangi ya njano itoke. Hiyo moja."

Kicheko kikakatika kama kimekatwa na kisu.

"Ya pili, ramani hii isitoke kijijini."

Mtani akamtazama mkubwa wake. Mama wa Chuo akavua viatu, akaja akakaa mkekani mbele yangu, magoti yetu yakagusana.

"Bibi, la kwanza naweza. La pili siwezi kukuahidi. Uliyoikalia ni nakala. Yenyewe iko kwenye kompyuta, na wafadhili nimeshawatumia."

Nikalisikia lile bango chini yangu, la baridi, linaparuza. Kumbe nilikuwa nimekalia plastiki. Kile nilichokishuku tangu siku ya kwanza, kwamba maneno yetu yataondoka na boti yao, leo nakisikia kinatoka kinywani mwa mwenyewe, bila kupambwa. Sijui kwa nini jambo hilo lilinifanya nimwamini kidogo, kuliko zile pamoja zake zote.

"Ukiandika kwamba kuna shamba," nikamuuliza, "watu wa buti watakuja?"

"Sijui, bibi."

"Usipoandika?"

"Itapandwa mikoko."

"Basi hapo umeniambia nichague nife kwa lipi."

Akainama kidogo. "Mtu mmoja akionekana peke yake ndani ya mikoko, watasema mvamizi. Mashamba mengi yakionekana, yana wenyewe, yana historia, inabidi waje wazungumze na watu."

"Inabidi?"

Akafikiri. "Haiwabidi. Lakini inakuwa vigumu zaidi kuwaruka."

Nikasema sawa. Nikasema liandikwe, na liandikwe kwa jina la aliyelikata kama ilivyo desturi, na aliyelikata ni mie. Wakija wanikamate mie. "Wanibebe tu, maana kutembea mpaka kwenye boti yao siwezi."

Watu wakaanza kucheka tena. Mjukuu wangu hakucheka. Alimweka mtoto chini.

"Na ukifa je, bibi?"

Hakuna mtu anayemwambia mkubwa wake maneno hayo mbele za watu.

"Ukifa litakuwa shamba la marehemu," akasema. "Mie ndiye ninayelima. Mie ndiye ninayelala dunguni na wanangu. Wakija wakimkuta marehemu kwenye ramani, mie watanitoa kama ndege."

"Mke mwenzangu, nyamaza."

"Nimenyamaza mwaka mzima."

Akaenda kwa mtani akachukua kalamu ya wino mzito. Akaniambia inuka. Kukaa nilikaa mwenyewe, kuinuka ndiyo kazi, ilibidi wanawake wawili waninyanyue kwapani, na mtani anakunjua bango huku anasema, "Pole pole, mzigo wangu huo, msiuvunje." Mjukuu wangu akachora mraba pale kwenye njano, akaandika jina langu, na chini yake akaandika lake, herufi kubwa kubwa. Nilikasirika mpaka masikio yakawasha. Mie nilitaka kuwa pazia, yeye amelipasua akatoa kichwa.

"Nani mwingine?" Mama wa Chuo akauliza. "Kama kuna mwingine, leo ndiyo siku."

Akainuka mzee mmoja, na mjane mmoja wa juu ya kijito. Basi. Wengine wote wakawa wanatazama vidole vya miguu yao. Nikamtazama shoga yangu. Nikamwambia kwa macho: sema. Shamba lako lile pale, ng'ambo, limelala, sema. Akavuta kanga akajifunika mdomo.

Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Wewe una mjukuu anayejua namba zao," akasema. "Mie nikisema, nani atanisemea kesho?"

Ningekuwa mahali pake ningefanya vile vile.

Watu wa buti hawajaja. Nasema hawajaja, sisemi hawatakuja. Waliokuja ni wapanda mikoko. Kwetu hawakugusa, walifika wakasoma karatasi yao, wakavuka ng'ambo. Kule njano ilibaki njano. Walipanda kuanzia kwenye kona ya kijito mpaka karibu na mdomo wake, safu zimenyooka, vijiti na kamba za kupimia. Shamba la shoga yangu limo ndani yake, lote. Mama wa Chuo alimpigia simu mjukuu wangu. Alisema aliwaambia wale watu kwamba huenda ng'ambo kuna wenyewe, lakini hakuwa na la kuwaonyesha. Alilia, au mtandao ulikuwa mbaya, mjukuu wangu hakuwa na uhakika.

Basi maneno yakaanza. Ati bibi na mtani wake walikuwa wamekwisha kupanga. Ati lile bango nililikalia kwa mchezo, watu wacheke, ili sie tuandikwe na wenzetu waachwe. Mwenyekiti mwenyewe, yule wa soda, alikaa barazani akasema familia nyingine zina bahati ya kupendwa na wageni. Mjukuu wangu akienda mtoni na kijidude chake, wanawake wanaofua wanahama jiwe. Kulizaliwa mtoto nyumba ya tatu kutoka kwangu, amekwisha kutolewa nje na kunyolewa, nikaenda kumtazama, nikauliza anaitwa nani. Mama yake akasema bado hatujampa jina. Mtoto kanyolewa, atakosaje jina! Nikambusu, nikarudi kwangu.

Mtani alipita mara moja akiwa safarini kwenda Kibiti. Aliniletea sukari, akaniuliza mbona nimepooza. Nikamwambia ukoo wako umeniambukiza. Hakucheka sana. Akaniuliza wangefanyaje ili wote waseme. Nikamwambia sijui, na kama ningejua nisingemwambia yeye, angekwenda kuandika.

Mpunga ulipoiva tukaita watu wa kuvuna. Desturi ni kualikana, mwenye shamba anapika, mialiko haikataliwi. Tulipika wali na samaki wa nazi sufuria kubwa. Wakaja yule mzee na yule mjane, na wajukuu zao. Hao tu. Mie nilipandishwa dunguni kama gunia, nikakaa ukingoni miguu inaning'inia, natazama masuke yameinama, mazito, na ng'ambo ya maji ile mikoko midogo imesimama mistari mistari.

Jua lilipopanda nikaona mtumbwi. Alikuwa shoga yangu, peke yake, anapiga kasia taratibu. Akafunga mtumbwi kwenye nguzo ya dungu, akashuka, kisu cha kuvunia kiko mkononi.

"Umekuja?" nikamwambia kutoka juu.

"Hukuniita?"

"Nimewaita wote."

"Basi nimekuja."

Akasimama anatazama ng'ambo muda mrefu, halafu akageuka kutazama huku kwetu. "Mpunga wenu mzuri."

"Alhamdulillahi."

"Hivi mpaka wenu wa upande huu," akasema, "uliishia pale kwenye mti wa mkomafi, au hapa kabla?"

Alikuwa anajua. Siku tuliyokata mti wa kwanza wa shamba hili alikuwepo, ndiye aliyetupikia uji. Alikuwa anajua kuliko mie.

"Pale pale ulipokuwa," nikasema.

"Nilikuwa nauliza tu."

Mjukuu wangu akaniinulia macho, anangoja nimwambie mgeni aanzie wapi. Huku kwetu kila mvunaji hupewa ngwe yake, mstari wake wa kuvuna mpaka mwisho. Zilikuwepo ngwe za pembeni, upande wa mkomafi, zenye masuke mengi, na mgeni wa heshima hupewa hizo. Nikampa ya katikati, mbali na mpaka, ile inayopita chini ya dungu langu, niione mikono yake.